Mchango Gani?

Ukumbi ni wa kanisa, mtaani Umoja, Nairobi, na ilikuwa Jumamosi alasiri. Viti vya plastiki vilipangwa safu nane. Meza ya mbele ilitandikwa leso mbili, na juu yake kulikuwa na vyeti 14 vilivyotiwa fremu. Klabu ya kisiasa ya akina mama wa mtaa ilikuwa inawatuza wanachama wake. Jina likiitwa, vigelegele vinapanda, mama anatoka akisindikizwa kwa wimbo, anapokea cheti, anapigwa picha, anarudi kuketi. Kwa saa nzima ukumbi ule ulijaa furaha ya kweli, na nalitaja hilo mapema asije mtu akadhani nina ugomvi na sherehe yenyewe.

Mbele yangu alikaa mama wa miaka sitini na kitu. Aliporudi na cheti chake akagundua kwamba miwani ameisahau nyumbani, akampa fremu msichana aliyekuwa kando yake. "Nisomee, mwanangu, wameandika nini?" Msichana akasoma: "Kwa kutambua mchango wako mkubwa kwa klabu na kwa jamii." Mama akangoja. Alipoona msichana amenyamaza, akauliza, "Mchango gani?" Msichana akaigeuza fremu na kuangalia nyuma, labda jibu liko huko.

Vyeti vyote 14 vilikuwa na maneno hayo hayo. Kilichobadilika ni jina tu.

Wakati wa chai nilimfuata, nikampa shikamoo, nikamuuliza lile swali lake mwenyewe. Alicheka, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Uchaguzi wa Agosti 9, 2022, alikuwa wakala katika kituo cha kupigia kura, darasa la shule ya msingi. Alifika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na hakutoka mpaka kura ya mwisho ilipohesabiwa, karibu saa tisa usiku, na alikataa kutia sahihi fomu hadi tarakimu moja iliyokuwa imekosewa iliporekebishwa. Kabla ya hapo alikuwa amezunguka ploti kwa ploti miezi miwili, pamoja na vijana wawili, wakiwasaidia majirani kuhakikisha majina yao yamo kwenye sajili ya wapiga kura. Mwaka uliofuata, wenzake walipotaka kujua pesa za taa za barabara yao zilikwenda wapi, yeye ndiye aliyepeleka barua mjini, mara tatu, mpaka ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Alipomaliza kidole cha nne akasema chai inapoa.

Hayo yote yalifupishwa yakawa "mchango mkubwa".

Ninaloamini ni hili: klabu ya siasa ikimtuza mwanachama bila kutaja alichofanya, imempa furaha ya siku moja na kumnyima kitu ambacho angekitumia miaka na miaka. Mwanamke anayeingia siasa za Nairobi hukutana na swali moja kila mlango anaobisha. Huulizwa na wanaosimamia mchujo wa chama, na wazee wa mtaa, na vijana wa kijiweni, na mtangazaji wa redio: huyu amefanya nini? Mwanamume naye huulizwa, lakini akisema yuko uwanjani tangu zamani, hilo humtosha. Mwanamke akitoa jibu hilo hilo, ataambiwa alikuwa akipika chai kwenye mikutano. Jibu linaloweza kusimama ni lile lenye tarehe, mahali na ushahidi. Jibu hilo likiwa halijaandikwa na klabu yake, nani mwingine atakuwa ameliandika?

Tutazame hesabu. Nairobi ina maeneo bunge 17. Mwaka 2022 yalimchagua mwanamke mmoja tu, Beatrice Elachi wa Dagoretti Kaskazini. Kote nchini, kati ya maeneo bunge 290, wanawake waliochaguliwa walikuwa 29. Ongeza Wawakilishi wa Kike 47 wa kaunti, unafika 76. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 ukimwacha spika, kwa hiyo thuluthi moja ni 117. Hata kama viti vyote 12 vya uteuzi wangepewa wanawake, jumla isingezidi 88. Katiba ya 2010 ilisema jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Mahakama ya Juu ilitoa ushauri wake Desemba 2012 na kulipatia Bunge muda hadi Agosti 2015 litunge sheria ya kutimiza hilo. Septemba 21, 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kuitunga. Bunge halikuvunjwa, na sheria bado haijapatikana. Anayengoja sheria imwinue mwanamke wa mtaani atangoja sana. Njia iliyobaki ni kushinda kura, na kura huombwa kwa rekodi.

Ndiyo maana njia aliyopitia Elachi inafaa kuchunguzwa, uwe unampenda au humpendi. Alikuwa seneta wa kuteuliwa kuanzia 2013, akawa spika wa Bunge la Kaunti ya Nairobi 2017, ndipo akaja kuomba kura za eneo bunge. Susan Kihika naye alikuwa spika wa bunge la kaunti ya Nakuru 2013, seneta 2017, gavana 2022. Tunapowazungumzia wanawake kama hawa tunataja ujasiri wao, pesa zao au jamaa zao. Tunasahau jambo dogo lenye nguvu kubwa: kila walichosema na kufanya katika nafasi hizo kiliandikwa na makarani wa bunge, neno kwa neno, siku kwa siku. Walipoulizwa wamefanya nini, kulikuwa na makabati ya kujibu. Mama wa Umoja, Kariobangi au Kawangware hana karani wa bunge. Karani wake ni klabu yake.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba ustadi wa kuweka rekodi tunao. Nenda kwenye chama chochote cha akina mama jijini, kile cha kuchanga kila wiki na kupeana kwa zamu, uombe daftari la mweka hazina. Utakuta nani ametoa na nani hajatoa, nani alikopa tarehe ngapi na amebakisha kiasi gani, nani alichelewa mkutano akatozwa faini ya shilingi 50. Rudi nyuma miaka mitano, utaipata shilingi kwa shilingi. Sijasikia mtu akisema daftari lile linavunja umoja. Ndilo linaloulinda, maana siku ya ubishi hufunguliwa, kidole kikawekwa kwenye mstari, watu wakaenda nyumbani kwa amani. Akina mama hao hao wakigeukia siasa, kazi ya miezi wanaiacha vichwani mwa waliokuwapo. Faini ya shilingi 50 inaandikwa. Usiku mzima wa kulinda kura hauandikwi.

Nairobi imewapoteza wanawake wake kwa njia hii tangu zamani. Machi 16, 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa Harry Thuku, mpinzani wa serikali ya kikoloni. Wanaume waliotumwa kuzungumza na wakubwa wa serikali waliporudi na kuwataka watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru alisimama, akainua rinda lake, akawaambia wanaume walichukue wavae wao, wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ya kikoloni ilikiri vifo 21. Wengine walisema waliokufa ni wengi zaidi ya hao. Nyanjiru tunamjua zaidi ya miaka mia moja baadaye kwa sababu waliomsimulia walisimulia kitendo, hatua kwa hatua, mpaka lile rinda. Wanawake waliokuwa pamoja naye wamebaki kwenye simulizi kama vigelegele tu. Sauti yao ipo, majina hayapo.

Ikapita miaka 70. Februari 28, 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi katika kona ya Bustani ya Uhuru wakaanza kususia chakula. Machi 3 polisi waliwavamia kwa virungu na vitoza machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari, na Wangari Maathai akapigwa hadi akazirai. Wakahamia Kanisa Kuu la All Saints, ng'ambo ya barabara, na mgomo wao wa kuketi ukaendelea humo karibu mwaka mzima, mpaka wana wao wakawa wameachiliwa karibu wote. Maathai tunamkumbuka, na anastahili: tuzo ya Nobel ya 2004, na barabara iliyokuwa ikiitwa Forest Road leo ina jina lake. Monica Wamwere, mamake mfungwa wa kisiasa Koigi wa Wamwere, hutajwa mara chache. Wengine wote tunawaita kwa jumla akina mama wa Freedom Corner. Nikipita pale huwa najiuliza ni nani aliyepanga zamu za kulala, nani aliyekuwa akiteka maji, nani aliyekwenda kuwaeleza waandishi wa habari kila asubuhi kwamba bado wapo. Mgomo wa karibu mwaka mzima hauendeshwi na ujasiri peke yake. Kuna watu waliouendesha, na walikuwa na majina.

Basi klabu ziandike nini? Ziandike kazi ya siasa yenyewe, ile ambayo gazeti haliji kuitafuta. Wakala akae kwenye orodha pamoja na jina la kituo chake na idadi ya kura alizozishuhudia. Fomu 34A za 2022, zile za matokeo ya urais katika vituo 46,229, ziliwekwa kwenye tovuti ya Tume ya Uchaguzi kila mtu azione, na mawakala wametia sahihi zao humo. Yule mama wa Umoja, ikiwa alikuwa akimwakilisha mgombea urais, sahihi yake iko kwenye karatasi hiyo. Ushahidi wa kazi yake unaweza kuchapishwa na kutiwa fremu kando ya cheti, na ungekuwa mzuri kuliko cheti.

Ziandike kazi ya bajeti pia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo akina mama wa mitaa wanapofanya mengi na kuonekana kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti ifikishe mkakati wake wa fedha kwenye bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kati ya tarehe hizo wananchi huitwa kutoa maoni. Mara nyingi tangazo huja kwa kuchelewa, mkutano ni siku ya kazi, stakabadhi ni kurasa mamia na nakala ni chache. Mwanachama anayeipata stakabadhi hiyo, akaisoma usiku baada ya kufunga kibanda, akaitafuta wadi yake ndani yake, kisha akasimama mbele ya maafisa na kuuliza kwa nini mfereji wa maji taka uliotengewa pesa mwaka jana umetengewa tena mwaka huu, amefanya kazi ya diwani bila mshahara wa diwani. Nairobi ina wadi 85. Sitaki kusikia kwamba hakuna wanawake wa kuziwakilisha wakati wako wanaoifanya kazi hiyo kila mwaka kwa nauli yao.

Ndivyo ilivyo pia kwa anayeandika barua ya kuomba habari. Sheria ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari kutoka ofisi ya umma, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Kuhesabu siku hizo, kufuatilia, kurudi tena na nakala yenye muhuri, ni siasa kamili.

Na ziwaandike walioshindwa. Hili nalisema nikijua kwamba wengi hawatalipenda. Katika ukumbi ule palikuwapo mwanamke kijana aliyewania kiti cha diwani 2022 akashindwa. Alikuwa ameuza cherehani mbili kulipia mabango, vijana wa mpinzani wakayachana mabango hayo usiku, na alivumilia matusi ambayo mgombea mwanamume hatupiwi, kuhusu ndoa yake na mavazi yake. Hakutuzwa. Nilipomuuliza mmoja wa viongozi, alinijibu bila ubaya wowote moyoni: "Lakini yeye hakupita." Ninaelewa jibu hilo linatoka wapi, na naona ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kila mtu aliyempigia kura alikuwa, kwa mara ya kwanza, anampigia mwanamke kura ya udiwani kwenye wadi ile. Daftari lake la wafuasi, vituo alivyofanya vizuri na vile alivyolala, makosa aliyofanya kwenye pesa, yote hayo ni elimu ambayo mgombea atakayemfuata hapaswi kuinunua upya. Charity Ngilu na Wangari Maathai waliwania urais 1997 na wakashindwa. Waliokuja baadaye walikuta njia imekanyagwa.

Sasa, nani atoe tuzo? Sherehe ile ilichelewa saa mbili kwa sababu mheshimiwa aliyetoa pesa za hema na soda alikuwa bado njiani. Alipofika alizungumza muda mrefu kuliko akina mama wote 14 wakijumlishwa, na ndiye aliyekabidhi vyeti. Simlaumu kwa kutoa soda. Lakini mkono unaokabidhi cheti ndio unaobaki kwenye picha, na mwaka 2027 picha hiyo itakuwa kwenye bango lake, si la mama yeyote kati ya wale. Shirika la Maendeleo ya Wanawake, lililoanzishwa 1952 na kufikia akina mama wengi kuliko shirika lolote la wanawake nchini, liliunganishwa na KANU, chama kilichokuwa kikitawala, mwaka 1987. Wanachama hawakupungukiwa na sherehe, risala wala nyimbo. Walichopoteza ni uwezo wa kuamua wao wenyewe nani miongoni mwao ametenda lililo jema, maana aliyetenda jema kwa mtaa angeweza kuwa ameiudhi serikali. Klabu inayotaka tuzo zake ziwe na uzito ichange yenyewe, hata kama chai itakuwa ya rangi, na cheti kikabidhiwe na mwanachama mwenzake aliyeiona kazi ikifanyika.

Nimeambiwa na mwenyekiti mmoja, mama ninayemheshimu sana, kwamba kupima kazi kutaleta wivu. Leo kila mtu amepata cheti sawa, wote wamefurahi. Kesho mmoja ataandikiwa mistari kumi na mwingine miwili, na kikundi kitavunjika. Hofu yake ni ya kweli, kwa sababu vikundi vimevunjika kwa madogo kuliko hayo. Ila nadhani wivu unaletwa na kutuza bila sababu. Watu wakiona aliyefanya na asiyefanya wamepewa maneno yale yale, aliyefanya hunyamaza, mwaka unaofuata hajitokezi, na hakuna anayejua kwa nini. Mistari miwili ya kweli haimtii mtu aibu. Mama aliyeshinda akiwalea watoto wa wenzake watatu ili waende mafunzo ya mawakala, hiyo ni mistari miwili, na bila yeye vituo vitatu vingebaki bila wakala.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Mchujo wa vyama utatangulia, na kabla ya mchujo watu watakuwa wameshakata shauri mioyoni nani anafaa na nani ni wa kusindikiza. Hakuna haja ya kungoja sherehe nyingine.

Wiki tatu baada ya sherehe nilirudi Umoja. Katibu wa klabu, yule msichana aliyesoma cheti, alikuwa amenunua daftari la jalada gumu, la kurasa 200. Anakwenda nyumbani kwa wanachama mmoja mmoja jioni, anauliza, anaandika, kisha anawasomea walichosema ili wakisahihishe. Alinifungulia ukurasa wa yule mama. Mwandiko ni safi, tarehe zipo, kituo kimetajwa, ile tarakimu iliyokosewa imeelezwa ilikuwa ngapi na ikawa ngapi. Mwishoni kabisa, kwa wino wa rangi nyingine, kuna mstari ambao mama aliposomewa alisisitiza uongezwe, na alimngojea katibu aandike hadi nukta: kwamba saa nane usiku, walipokuwa wamechoka na njaa, jirani yake wa ploti ya pili alifika hadi getini na chupa ya uji, askari akamkatalia kuingia, naye akaketi nje kwenye baridi mpaka walipotoka. Chini yake katibu ameandika jina la jirani huyo, na kando ya jina: bado kumtembelea.